Namba uliyoisevu kwenye CSV siyo ile uliyokuwa nayo

Wiki hii nimeletewa tena lile lile. Mtu kaendesha modeli yake siku tatu, kasevu matriksi (jedwali lake la namba) kwenye CSV, yaani faili la maandishi lenye namba zilizotenganishwa kwa koma, kazima mashine kaenda kulala, asubuhi kalisoma lile faili kaendelea na hesabu kutoka pale alipoishia, na majibu yakaanza kwenda njia yake. Akaniandikia: "Kaka, hii programu ina bugi, namba ni zilezile lakini majibu siyo yaleyale." Nikamuuliza, umejuaje kama ni zilezile? Akasema nimezichapisha zote kwenye skrini, ziko sawasawa.

Sasa hapo ndo uvumilivu wangu huwa unaisha, maana hiyo imani nimeshaikuta kwa wanafunzi, kwa mainjinia, hadi kwa watu wenye shahada tatu: kwamba unachokiona kwenye skrini ndo kilichomo kwenye memori, na kilichomo kwenye memori ndo kinachoingia kwenye faili. Hivyo ni vitu vitatu tofauti! Kwenye memori una dabo (double), yaani namba yenye nukta iliyotunzwa kwa biti 64. Kwenye skrini una maandishi ambayo programu imeamua kukuonyesha, mfano MATLAB, programu ya hesabu aliyotumia huyu ndugu, isipoambiwa kitu inakupa tarakimu nne baada ya nukta basi. Na kwenye CSV una maandishi mengine tena, yaliyokatwa kwa kipimo kingine ambacho wewe hukukichagua. Ukilisoma faili, programu haichukui namba yako ya jana, inachukua yale maandishi na kutengeneza namba mpya kutokana nayo.

Na hili siyo jambo la juzi. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz, pale chuo cha MIT Marekani, alikuwa na modeli ndogo ya hali ya hewa kwenye kompyuta ya LGP-30, akataka kurudia kipande fulani cha hesabu kwa kirefu zaidi. Badala ya kuanza mwanzo kabisa akachukua namba za katikati kwenye karatasi ambayo mashine yenyewe ilikuwa imeichapa, akaziingiza, akaenda kunywa kahawa. Amerudi baada ya kama saa nzima, modeli imeshatembea karibu miezi miwili, na hiyo miezi miwili haifanani na ile ya kwanza. Alichoshuku kwanza ni kwamba valvu mojawapo ya mashine imechoka, yaani kama huyu ndugu yangu wa wiki hii na bugi yake. Alipofuatilia namba kwa namba akakuta mwanzoni zinakwenda pamoja, halafu tofauti inakua mara mbili kila baada ya siku kama nne za modeli mpaka kila kitu kinapotea. Ndani ya mashine namba ilikuwa 0.506127, karatasi ilichapa 0.506. Basi. Kutoka hapo ndo tukapata makala yake ya 1963 na taaluma nzima ya keosi (mifumo ambayo tofauti ndogo ya mwanzoni inakua mpaka inabadili kila kitu), lakini mi kila nikiisikia hiyo habari naona kwanza mtu aliyeandika data kwa tarakimu tatu akaisoma tena akidhani ni ileile.

Turudi kwa huyu wangu. Nikamwomba anitumie skripti, nikaona nilichokitegemea: csvwrite. Hii ni amri ya zamani ya MATLAB na inaandika tarakimu tano zenye maana, mwisho. Tano! Siyo tano baada ya nukta, tano kwa jumla ukianza na ya kwanza isiyo sifuri. Na kolamu yake ya kwanza ilikuwa muda, ule muda wa MATLAB unaohesabiwa kwa siku, ambapo tarehe 1 Januari 2020 ni 737791. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi ya siku hiyo ni 737791.25, saa sita mchana 737791.5. Angalia csvwrite inaandika nini: 7.3779e+05, yaani 7.3779 mara 100,000, ambayo ni 737790. Na mchana? 7.3779e+05. Kesho yake? 7.3779e+05. Siku kama kumi nzima zimekuwa namba moja, saa zote zimefutika, na kwenye faili hamna onyo wala alama yoyote kwamba kuna kitu kimepotea. Angekuwa amelifungua lile faili kwa kihariri cha maandishi cha kawaida hata kwa sekunde kumi angeona.

Ukitumia save na -ascii unapata tarakimu nane, afadhali kidogo lakini bado umekata. writematrix iliyokuja na toleo la MATLAB la R2019a inakwenda hadi 15, write.csv ya lugha ya R nayo 15. savetxt ya NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) ndo imejiachia, inaandika kwa %.18e, yaani tarakimu 19, faili linavimba lakini namba yako ipo.

Na sasa tumefika kwenye kile kinachoniudhi kuliko vyote, hiyo 15. Nikishamweleza mtu habari ya csvwrite, ananijibu kwa kujiamini kabisa: sawa, basi nitaandika tarakimu 15, si dabo ina tarakimu 15 tu? Hapana jamani. Hiyo 15 ni jibu la swali jingine. Inasema hivi: ukichukua namba iliyoandikwa kwa desimali yenye tarakimu 15 au pungufu, ukaiingiza kwenye dabo, ukaitoa tena kwa tarakimu 15, utapata maandishi yaleyale. Safari inaanzia kwenye maandishi na kurudi kwenye maandishi. Wewe safari yako inaanzia kwenye dabo, inapita kwenye maandishi, inataka kurudi kwenye dabo ileile. Hiyo inahitaji 17.

Kwa nini 17 wakati hata 16 ingeonekana kutosha? Chukua namba 1 na dabo inayofuata mara baada yake. Umbali kati yao ni kama 0.00000000000000022. Ukiandika kwa tarakimu 16, baada ya 1.000000000000000 maandishi yanayofuata unayoweza kuandika ni 1.000000000000001. Katikati ya maandishi hayo mawili zimejibana dabo nne, nne nzima, na hakuna hata moja yenye maandishi yake. Kila moja itasukumwa kwenye ncha mojawapo, na ukisoma utapata ile ya kwenye ncha. Ongeza tarakimu moja, inakuwa 1.0000000000000002, sasa kila moja ina jina lake. Upande mwingine wa mstari wa namba, karibu na 9 kwa mfano, dabo zimeachana zaidi na hapo 16 zingetosha, ndo maana mtu anajaribu namba tatu nne zinarudi vizuri anasema 16 inatosha kwangu. Imekutosha kwa namba ulizozijaribu wewe.

Na mfano ambao kila mtu anaujua bila kuufikiria: 0.1 + 0.2. Kwenye dabo jibu lake siyo 0.3, ni jirani ya 0.3 kwa juu, 0.30000000000000004. Liandike kwa tarakimu 15 linakuwa 0.3, 0.300000000000000 ukipenda. Lisome. Sasa unayo dabo ya 0.3, ambayo ni nyingine kabisa na kwa kweli iko chini kidogo ya 0.3 halisi. Faili limekupa namba ambayo hukuiweka.

Watu wananilalamikia kwamba ukiandika kwa 17 faili linakuwa baya, 0.1 inatokea kama 0.10000000000000001 na mteja anauliza hiyo 1 ya mwisho imetoka wapi. Nakubali ni mbaya kwa macho. Lakini haikutoka hewani, dabo ya 0.1 ndani yake ni 0.1000000000000000055 na kuendelea, kwa sababu moja ya kumi haiandikiki kwa bainari (0 na 1 tu) ikaisha, kama theluthi isivyoisha kwa desimali. Anayetaka uzuri na usahihi pamoja atumie programu inayotafuta maandishi mafupi kuliko yote ambayo yakisomwa yanarudisha dabo ileile. Python inafanya hivyo kwenye repr (amri yake ya kugeuza namba kuwa maandishi) tangu toleo la 3.1, lugha ya Julia inafanya hivyo inapochapisha. Hapo 0.1 inaandikwa 0.1, na jibu la 0.1 + 0.2 linaandikwa lote. Mi ndo ninachopendelea siku hizi.

Halafu kuna upande wa kusoma, nao watu wanausahau, wanadhani ukishaandika 17 kazi imekwisha. Msomaji naye lazima ageuze maandishi kuwa dabo iliyo karibu kuliko zote, na wasomaji wengine wanakata kona ili waende haraka. read_csv ya pandas (maktaba nyingine ya Python) ina chaguo la float_precision, na ukitaka uhakika wa kurudi kwenye biti zilezile unaandika 'round_trip', bila hivyo unaweza kukosa ile biti ya mwisho kabisa. Koma badala ya nukta ya desimali kwa mafaili yanayotoka Ujerumani au Ufaransa, hilo mnalijua. Sehemu zilizokosa kipimo kuandikwa -999 halafu mtu anachukua wastani wa kolamu nzima, nalo mnalijua, ila bado mnalifanya.

Na tafadhali, usilifungue faili la data kwenye Excel "kuangalia tu" halafu ukabonyeza sevu. Excel inatunza tarakimu 15, na inapoandika CSV inaandika kile kilichoonyeshwa kwenye seli, siyo kilichomo. Ukiwa umeweka seli zionyeshe desimali mbili, umebaki na desimali mbili milele. Majina ya jeni kama SEPT1 yalikuwa yanageuzwa tarehe, mpaka mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ikayabadilisha majina yenyewe. Fikiria, wanasayansi wamebadili majina ya jeni kwa sababu ya programu ya majedwali.

Kwa hiyo nisevu kwa bainari, yaani biti zenyewe badala ya maandishi? Ndiyo, kama faili ni la wewe mwenyewe kuendelea na kazi kesho: .mat, .npy, HDF5, saveRDS, chochote kinachoandika biti zenyewe na kubeba vipimo vya matriksi pamoja nazo. Ila bainari ghafi ya fwrite ya MATLAB au tofile ya NumPy ni habari nyingine, maana inaandika baiti tu bila kusema ni safu ngapi wala za aina gani. Matriksi ya safu mbili yenye 1 2 3 juu na 4 5 6 chini, MATLAB inaiandika kolamu kwa kolamu: 1 4 2 5 3 6. NumPy ikiisoma safu kwa safu unapata 1 4 2 juu na 5 3 6 chini, ambayo hata siyo ile ya mwanzo iliyogeuzwa, ni vurugu, na hakuna kosa linaloonekana. Mpangilio wa baiti nao ukigeuka, 1 inasomeka kama 3.0387e-319. Hiyo angalau inakushtua.

Pale ambapo mi mwenyewe sina msimamo ni kwenye data ya kugawia wengine. Kipimajoto kinasoma desimali moja, nikiandika wastani kwa tarakimu 17 namdanganya msomaji kwamba najua kitu nisichokijua. Nikikata, atakayerudia hesabu yangu hatapata majibu yangu. Nimeshafanya yote mawili kwa nyakati tofauti, na kila mara nimebaki na wasiwasi. Na hata biti zikirudi zote, kompyuta nyingine ikijumlisha kwa mpangilio tofauti tarakimu za mwisho zitasogea, kwa hiyo modeli ya aina ya Lorenz bado itatengana, itachelewa tu.

Yule ndugu nimemwambia aendeshe upya, asevu .mat, na kabla ya kuzima asome faili na kutoa matriksi iliyosomwa kwenye ile iliyomo kwenye memori. Jana usiku kanitumia picha ya skrini: max(abs(A(:)-B(:))), yaani tofauti kubwa kuliko zote kati ya matriksi hizo mbili, na chini yake 0.