Je, wajua kwa nini daktari wa dharura hutazama kwanza kati ya ini na figo?

Mwendesha bodaboda amegongwa Kondele, Kisumu. Anafikishwa hospitali akiongea, ngozi haina jeraha la kutisha, ila presha inazidi kushuka. Daktari wa dharura hangoji apelekwe chumba cha picha. Anavuta mashine ndogo ya ultrasaundi hadi kitandani, anapaka jeli kwenye mbavu za chini upande wa kulia, anakazia macho skrini. Kwa nini pale?

Mtu akilala chali, damu inayovujia tumboni hutiririkia mabondeni, na bonde mojawapo liko kati ya ini na figo la kulia. Kwa mtu mzima wa afya viungo hivyo hugusana, na kwenye skrini huonekana mstari mweupe mwembamba kati yao. Damu ikiingia, mstari huachana ukawa utepe mweusi. Weusi huo una sababu. Kifaa hutoa sauti yenye mitetemo mamilioni kwa sekunde, ilhali sikio letu hukomea 20,000 hivi. Sauti hiyo hupenya mwilini kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde, na hurudi kila inapokuta mpaka wa nyama na nyama. Kwenye umajimaji haikuti kitu cha kuirudisha. Jeli nayo ni ya kufukuza hewa, maana hewa huirudisha karibu sauti yote kabla haijaingia ndani.

Kisha hutazamwa kando ya wengu, nyuma ya kibofu na kuuzunguka moyo. Ni dakika chache tu.

Lakini skrini safi si cheti cha uzima. Damu kidogo, chini ya mililita 200 hivi, huweza isionekane, hivyo kipimo hurudiwa. Tena utepe mweusi hausemi ni damu: huenda ni mkojo wa kibofu kilichopasuka, au maji ya mgonjwa wa ini. Kwangu mimi, hapa ndipo mafunzo yanapoishinda mashine. Anayejifunza, awe daktari au afisa wa kliniki, awapime kwanza wenzake wazima, tena na tena, mpaka jicho liuzoee ule mstari mweupe. Asiyeuzoea atajuaje kwamba umeachana?

Katika hospitali ndogo za kando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, zisizo na daktari wa upasuaji, utepe huo pamoja na presha iliyoshuka hutosha kuamua: ambulensi iitwe sasa hivi, na hospitali ya rufaa ipigiwe simu iandae damu kabla mgonjwa hajafika.