Kwa nini mtu wa karate anahitaji yoga, na kwa nini asiifanye kabla ya kupigana?

Unapiga pushapu mpaka jasho linadondoka, mapaja yamejaa, ila ukirusha mawashi geri (teke la kuzungusha kutokea pembeni) mguu unaishia mbavuni, kichwani haufiki. Je, wajua mara nyingi shida hapo sio nguvu?

Mguu ukipanda mbele, misuli ya mbele ya nyonga inauvuta juu na ile ya nyuma ya paja inatakiwa iachie, kwa mawashi ni ya ndani ya paja pia, sasa isipoachia unapigana na mguu wako mwenyewe kabla hujamfikia mpinzani. Na haiachii kwa sababu ndani ya msuli kuna vihisio vinavyopima unavutwa kiasi gani na kwa kasi gani, ukiuvuta ghafla taarifa inaenda kwenye uti wa mgongo na msuli unajikaza kujilinda. Ndo maana wale wanaoshuka msamba kwa kudundadunda huku mwenzake anamkandamiza mabegani (huu mchezo mi siupendi kabisa) wengi wanaishia kuchechemea tu.

Yoga inaenda kinyume. Unaingia kwenye mkao taratibu, unatulia pumzi tano mpaka kumi, unatoa pumzi ndefu kuliko unavyovuta, mapigo ya moyo yanashuka na mwili unaacha kuona hatari. Tena wiki za mwanzo msuli wenyewe hata haujarefuka sana, ni ubongo ndo umezoea kule kuvutwa.

Sasa kwa sisi wa Mbeya kuna baridi. Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Siku ya Yoga Duniani yenyewe, tarehe 21 Juni, inatuangukia kipindi ambacho asubuhi ya Uyole hata kutoka kitandani ni kazi. Msuli wa baridi ni kama mpira wa manati uliolala nje, kwahiyo kimbia au ruka kamba dakika kumi kwanza ndo utandike mkeka.

Ila usikae kwenye mkao dakika nzima nzima afu uingie kumite (pambano la karate), msuli unapoteza kidogo ile nguvu ya ghafla. Kabla ya kupigana rusharusha miguu, zungusha nyonga, inatosha. Yoga iweke baada ya mazoezi mwili ukiwa bado wa moto, au siku ya kupumzika.

Anza na Virabhadrasana ya kwanza (mkao wa shujaa), ukiiona utasema hii si zenkutsu dachi kabisa, ule msimamo wa karate wa goti la mbele kukunjwa na mguu wa nyuma kunyooka, kisha mkao wa chura (unapiga magoti na kuyapanua pembeni) kwa mapaja ya ndani, na wa njiwa (mguu mmoja umekunjwa mbele, mwingine umenyooka nyuma) kwa nyonga, ila huu wa njiwa goti likianza kuuma toka hapohapo.

Na kuna watu mfupa wa nyonga umekaa vibaya kwa msamba. Ukihisi kitu kinagonga mbele ya nyonga badala ya msuli kuvutika, usilazimishe, kwenye kumite ya sheria za WKF (shirikisho la karate la dunia) teke la kichwani ni pointi 3 na la mwilini ni 2, utashinda na hizohizo mbili.