Mkoromo umenyamaza, pumzi je?

Mke akiingia kliniki kwangu na mumewe nyuma yake, na mume hana jino hata moja linalomuuma, najua wamekuja kwa shauri la usiku. Bibi ndiye msemaji. "Daktari, huyu hakoromi, anaranda mbao." Mume hutazama sakafu, kisha hujitetea kama alivyojitetea baba yake: mtu akikoroma ndiyo kachoka kwa kazi, na usingizi wake ni mzuri.

Mie ni daktari wa meno hapa Unguja, na mara kwa mara huvuka kwenda Pemba kuona wagonjwa. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa ile mnayoijua: kung'oa, kuziba, kutengeneza meno bandia. Mkoromo nikiuona ni mambo ya pua na koo, ya madaktari wengine. Siku hizi natengeneza vifaa vya kuvaa mdomoni wakati wa kulala, na wenzangu kazini wananiita "daktari wa koroma", kama vile nauza nazi zilizopita udafu. Nacheka nao. Lakini kazi yenyewe niliianza kwa kosa, na nitalieleza hapa chini.

Kwanza jaribu hili ukiwa peke yako, wasije wakakushangaa. Lala chali, legeza taya, uachie mdomo ufunguke kidogo, halafu jikoromeshe kwa makusudi. Sasa lisogeze taya la chini mbele mpaka meno ya chini yapite ya juu, ujaribu tena. Wengi huona sauti inagoma kutoka. Kifaa ninachotengeneza hufanya hivyohivyo, ila usiku kucha, na bila ya wewe kukumbuka.

Njia ya hewa nyuma ya ulimi haina mfupa wala gegedu la kuizunguka na kuiweka wazi. Ukiwa macho, misuli ndiyo inayoishikilia. Ukilala misuli inalegea, na ukilala chali ulimi unarudi nyuma kwa uzito wake. Hewa ikibanwa hapo, kaakaa laini na kimeo hupigapiga kama tanga ambalo halijakazwa. Huo ndio mkoromo. Na kwa kuwa ulimi umeshikamana kwa mbele na taya la chini, ukilivuta taya mbele, ulimi nao unafuata.

Mkoromo peke yake ni kero ya chumbani. Hatari iko pale unaponyamaza ghafla. Njia imeziba kabisa, kifua kinahangaika, hewa haipiti. Sekunde 10, 20, pengine nusu dakika. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka, mtu anakurupuka nusunusu, anavuta pumzi kwa kishindo na kulala tena bila ya kujua kilichompata. Madaktari wanaiita apnia ya usingizi. Mie kwa wagonjwa wangu nasema kukatika pumzi usingizini.

Pemba nilimpata mama mmoja ambaye miaka miwili alikuwa akisema anakabwa na jinamizi. Ameshasomewa, ameshafukizwa, ameshahamishwa chumba. Sina ugomvi na waliomsomea, na sikumwambia asiende tena. Nilimuuliza tu kama akiamka kichwa kinamuuma, mdomo umekauka, na mara ngapi usiku anatoka kwenda chooni. Akajibu yote matatu kabla sijamaliza kuuliza. Wanawake, khasa baada ya kukoma hedhi, hupata maradhi haya zaidi kuliko tunavyodhani, na mara nyingi hawana ule mkoromo wa kutikisa mlango, kwa hivyo hakuna anayewaleta.

Ukali wa maradhi hupimwa kwa kuhesabu pumzi inakatika au kupungua sana mara ngapi kwa saa. Kuanzia 5 mpaka chini ya 15 ni hali nyepesi. Kuanzia 15 mpaka chini ya 30 ni ya wastani. Kuanzia 30 ni kali. Piga hesabu: mtu wa 30 akilala saa 7, pumzi imemkatika mara 210 kabla ya adhana ya alfajiri. Ndiyo maana khatibu hajafika khutba ya pili, yeye keshasinzia. Ndiyo maana pia presha ya wengine haishuki, dawa wanameza na chumvi wameacha. Maradhi haya huenda pamoja na presha, matatizo ya moyo na kiharusi.

Sasa kosa langu.

Alikuja dereva wa gari ya Nungwi, mtu mnene wa shingo, meno yake mazuri kabisa. Mkewe alikuwa ameshahamia chumba cha watoto. Nilimtazama kinywa, nikachukua alama za meno, nikamtengenezea kifaa. Wiki ya pili mkewe akaniletea visheti sahani nzima: mkoromo umekwisha, karudi chumbani kwake. Nilijiona bingwa.

Baada ya miezi mitatu bwana yule akaja peke yake. Alikaa kwenye kiti bila ya kufungua mdomo. Mwishowe akasema, "Daktari, juzi kabla ya kufika Mkwajuni nilisinzia. Utingo ndiye aliyenipigia kelele. Gari imejaa watu."

Sikuwa nimempima usingizi kabla ya kumpa kifaa, wala baada ya kumpa. Nilikisikiliza kilio cha mkewe, nacho kilikuwa kilio cha kelele. Nikamtafutia kipimo cha kulala nacho nyumbani: kijidude cha kidoleni kinachosoma oksijeni, kijimrija puani, mkanda kifuani. Akalala usiku mmoja bila ya kifaa changu, na usiku mwengine akiwa nacho. Bila ya kifaa: mara 26 kwa saa. Akiwa nacho: 17. Njia ilikuwa imefunguka kiasi cha kaakaa kuacha kupiga kelele, lakini haikufunguka kiasi cha pumzi kupita bila ya kukatika. Mie na mkewe tulikuwa tumeridhika na ukimya, naye bado anaendesha abiria akiwa na usingizi.

Tangu siku hiyo simtengenezei mtu kifaa kabla hajapimwa na daktari anayehusika akasema ni maradhi gani. Wengine huvuka bahari kwenda Dar kwa hilo. Wananinung'unikia, na nanung'unikiwa kwa raha zangu. Daktari wa meno hatakiwi kuamua peke yake kama mtu ana apnia au hana. Kuna pumzi inayokatika kwa sababu ubongo hautoi amri ya kupumua, na hiyo ulisogeze taya mpaka wapi, haihusiki.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisiwape wote ile mashine ya kusukuma hewa puani. Ni tiba nzuri sana. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981, na mpaka leo kwa mtu mwenye hali kali ndiyo ya kwanza ninayomwambia akaitafute. Lakini inataka umeme usiku kucha, na sisi tunaokumbuka Unguja ilivyokaa gizani kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tunajua maana ya kutegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari. Tena wapo wasioistahamili barakoa yake: inawabana, inavuja, wanaamka wameitupa. Mwongozo wa 2015 wa madaktari wa usingizi wa Marekani pamoja na wenzao wa meno unasema mtu asiyeiweza mashine, au anayependelea njia nyengine, apewe kifaa cha mdomoni kilichotengenezwa kwa kipimo chake mwenyewe na kinachoweza kurekebishwa. Hayo maneno mawili, kipimo na kurekebishwa, ndiyo kazi yenyewe.

Vile vinavyouzwa mtandaoni, vya kuchovya maji ya moto na kuuma, wagonjwa huniletea mfukoni. Vinajaza mdomo, vinachomoka usiku wa manane, na vingi huwezi kuvisogeza kidogokidogo. Anayetaka kujaribu kama taya likisogea atapata nafuu, sawa. Kulala nacho miaka, hapana.

Kipimo cha meno hapa kwetu kina vituko vyake. Unga wa alijineti tunaouchanganya na maji kuchukua umbo la meno huganda upesi maji yakiwa ya vuguvugu, na mwezi wa Februari maji ya bomba Unguja yako tayari kwa chai. Nikitumia hayo, unaniganda kwenye bakuli kabla sijaufikisha mdomoni. Kwa hivyo nina chupa ya maji kwenye friji ambayo hakuna ruhusa mtu kuinywa, na kila mfanyakazi mpya lazima aionje mara moja. Ukishatoka mdomoni lazima umwagiwe plasta hapohapo, kwani ukikauka unasinyaa. Ndiyo maana nikiwa Chake Chake namimina plasta kulekule, nasubiri ikauke, ndipo nasafiri na meno ya watu yamefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba. Siku moja bandarini niliulizwa ni nini. Nilifungua. Sikuulizwa tena.

Baada ya hapo napima taya linasogea mbele kiasi gani. Tuseme kutoka nyuma kabisa mpaka mbele kabisa ni milimita 12. Sianzi na zote 12, mtu atashindwa kutafuna mkate asubuhi. Huanza kwenye nusu mpaka thuluthi mbili, hapa kama milimita 7. Kifaa kina sahani mbili za akriliki, ya juu na ya chini, zimeungwa kwa skrubu ubavuni. Skrubu inazungushwa kwa ufunguo mdogo kama pini, na kila mzunguko mdogo unaongeza robo milimita. Mtu analala siku kadhaa, anasikiliza taya, anaongeza tena.

Wiki za mwanzo mate yatamtoka, au mdomo utakauka, na taya litauma asubuhi. Akiamka meno hayatakutana sawasawa. Mazoezi ya kuuma taratibu kwa magego humrudisha, na kwa kawaida wakati wa chai yamekwisha. Lakini nisifiche: baada ya miaka ya kuvaa, meno husogea kidogo kwa baadhi ya watu, na mengine hayarudi yalipokuwa. Kwa hivyo nataka kumuona kila baada ya muda hata kama hana malalamiko. Anayekataa kuja kuangaliwa, simpi.

Asiye na meno ya kutosha kushikilia kifaa, au meno yanacheza kwa ugonjwa wa ufizi, tunaanza na hayo. Mwenye kiungo cha taya kibovu namfikiria mara mbili. Mtoto anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi, msimlete kwangu; mpelekeni kwa daktari wa pua na koo akamuangalie mafindofindo na vinyama vya nyuma ya pua. Na tafadhalini, msimkatishe kimeo. Nimeona mtoto aliyekatwa kimeo mitaani akavuja damu mpaka hospitali, na mkoromo wake ukabaki vilevile.

Ramadhani usingizi wetu hukatwa vipande viwili. Watu huvua kifaa kwa ajili ya daku, wakala, wakaswali, wakalala tena bila nacho, na hicho kipande cha pili ndicho kizito. Kivae tena, baada ya kusukutua. Wananiuliza na la kulala nacho mchana wamefunga. Kifaa hakina ladha na hakimezwi. La fatwa muulize sheikh wako, mie najibu la meno. Kulala ubavu, jambo ambalo tumeshafundishwa zamani, nalo husaidia, kwani ulimi hauanguki nyuma kama wa mtu aliyelala chali. Kupunguza uzito pia. Dawa za usingizi zinalegeza koo zaidi, kwa hivyo usizimeze bila ya kumwambia daktari wako kwamba unakoroma.

Kukiosha, maji baridi, sabuni kidogo na mswaki laini. Maji ya moto yanakipinda. Kiwekwe ndani ya kikopo chenye mfuniko, kwani chungu wanapenda mate kuliko sukari.

Yule dereva aliacha kuendesha kwa muda, ndugu yake akamshikia gari. Tuliongeza robo kwa robo, wiki sita, milimita mbili na nusu zaidi ya pale nilipokuwa nimemuacha. Akalala tena na kipimo: mara 4 kwa saa. Daktari wake akamruhusu kurudi barabarani.

Ufunguo wa skrubu sikumpa yeye, maana alishapoteza mmoja ndani ya gari. Nilimpa mkewe. Aliufunga kwenye pindo la kanga, akaniambia, "Huu nitauzungusha mwenyewe, daktari, na hesabu nitakuletea." Aliniletea kweli, kwa penseli, nyuma ya daftari la skuli la mtoto: tarehe, robo ngapi, na mbele ya kila tarehe kaandika kama mume kaamka na kichwa au bila.