Utpal Dutt: yanayosemwa na yaliyokuwa

Wapenzi wa filamu za Kihindi wanamkumbuka Utpal Dutt, mwigizaji na mwandishi wa michezo wa Bengal, India, kwa sura moja: yule bosi wa Gol Maal (1979) anayeamini kwamba mwanamume asiye na masharubu si wa kuaminika. Makosa mengi kumhusu yanaanzia hapo.

"Alikuwa mchekeshaji wa sinema, jukwaa lilikuwa la kujifurahisha."

Kinyume chake. Mwaka 1947, akiwa na miaka 18, alijiunga na kikundi cha Mwingereza Geoffrey Kendal kilichozunguka India kikicheza Shakespeare. Filamu ya Bhuvan Shome, iliyompa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora, ilitoka mwaka 1969. Kufikia hapo alikuwa na zaidi ya miaka 20 jukwaani, akiigiza, akiandika na kuongoza. Sinema ilimpa pesa, na pesa zikaenda kwenye jukwaa.

"Alipogeukia siasa aliachana na Shakespeare."

Alichoacha ni Kiingereza. Kikundi chake, Little Theatre Group, kilianza kwa lugha hiyo, lakini Calcutta watazamaji wake walikuwa wachache, na wenye nafasi. Mapema miaka ya 1950 kikahamia Kibengali, na Macbeth ikapelekwa mpaka vijijini. Aliirudia mwaka 1975, waziri mkuu Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari. Habari ya mfalme mwuaji anayetawala kwa hofu haikuhitaji kufafanuliwa.

"Michezo ya kisiasa ni hotuba tu, ufundi hakuna."

Anayesema hivi hajasikia habari za Angar, iliyoanza ukumbi wa Minerva mwaka 1959. Ni mchezo wa wachimba makaa ya mawe: moto umeshika mgodini, na wenye mgodi wanaufurisha maji ili kuokoa makaa, huku wachimbaji wamo ndani. Jukwaani hapakumwagwa hata tone. Fundi wa taa, Tapas Sen, aliyatengeneza maji kwa mwanga: mawimbi yanapanda polepole juu ya miili ya waigizaji mpaka yanawafunika, huku muziki wa Ravi Shankar ukisikika. Ugumu wa onyesho la namna hii uko kwenye kwenda sambamba. Mwigizaji akiinua kidevu kabla mwanga haujafika kifuani, maji yanageuka taa mbele ya macho ya watu, na kicheko kimoja ukumbini kinatosha kuharibu kila kitu. Kama kuna lawama ya haki, ni ile ya wakosoaji waliosema mwanga uliufunika mchezo wenyewe.

"Serikali iliipiga marufuku Kallol."

Aliyefungwa ni mtu, si mchezo. Kallol (1965), mchezo wake mwingine, inahusu maasi ya wanamaji wa Bombay dhidi ya Waingereza ya Februari 1946. Katika historia mabaharia walisalimu amri. Katika mchezo wake meli ya Khyber inakataa, na viongozi wa chama cha Congress wanaonekana wamewatupa wanamaji. Chama hicho ndicho kilichokuwa madarakani. Mwaka huohuo Dutt alikamatwa akawekwa kizuizini kwa miezi kadhaa bila kufikishwa mahakamani. Magazeti makubwa yakakataa matangazo ya mchezo, kwa hiyo kuta za jiji zikajaa mabango: Kallol inaendelea, itaendelea. Na iliendelea.

"Jatra ni mchezo wa washamba, alijishusha."

Jatra ni maigizo ya Bengal yanayochezwa kwenye jukwaa lililoinuliwa bila pazia, watu wamekaa pande zote, wapiga ala kandokando, waigizaji wakiingia kwa njia inayopita katikati ya watazamaji. Msimu wake hasa ni kuanzia sikukuu za Durga, mungu wa kike wa Wahindu, hadi karibu na mvua za masika ya kule, na usiku mmoja unaweza kukusanya maelfu. Dutt alianza kuiandikia mwishoni mwa miaka ya 1960, na ilimfundisha upya. Ukizoea ukumbi wa pazia utawapa mgongo nusu ya watu. Ukinong'ona, mkulima aliyekaa nyuma kabisa haambulii neno. Kwa hiyo unazunguka, unapaza sauti, na hisia unaikuza mpaka ifike.

"Tiner Talwar ni ya Little Theatre Group."

Mchezo huu, ambao jina lake maana yake ni upanga wa bati, ni wa kikundi chake cha baadaye, People's Little Theatre, mwaka 1971. Unarudi Calcutta ya 1876, mwaka ambao Waingereza walitunga sheria ya kudhibiti michezo ya kuigiza. Mwanzoni Benimadhab, mkuu wa kikundi, anajisifu barabarani mbele ya mzoa taka aliyechomoza kichwa kwenye shimo la maji machafu. Mzoa taka hana habari na michezo ya wafalme. Dutt mwenyewe alimwigiza Benimadhab. Mwishoni, afisa wa polisi Mwingereza akiwa amekaa ukumbini, mzee huyo anaukatiza mchezo ulioruhusiwa na kuanza kusema maneno ya Titumir, mwasi wa Bengal aliyepigana na Waingereza, akiwa ameshika upanga wa bati.