Uholanzi benki inakupa bei yote ya nyumba? Si hivyo hasa

Wengi husema: Uholanzi benki inakukopesha bei yote ya nyumba, akiba ya nini? Nusu ni kweli. Tangu 2018 kikomo cha kawaida ni asilimia 100 ya thamani ya nyumba, lakini thamani ni ile anayoandika mthamini, si bei mliyokubaliana na muuzaji.

Hapo ndipo watu hukwama. Chukua Houten, karibu na Utrecht: magari yanazungushwa barabara ya nje, watoto wanakwenda shule kwa baiskeli. Mitaa ya namna hiyo hugombewa. Nyumba imetangazwa kwa euro 450,000, wewe ukatoa 480,000 usipitwe, mthamini akaandika 460,000. Hizo 20,000 zinatoka mfukoni mwako. Ongeza ushuru wa uhamisho wa asilimia 2, yaani 9,600 (aliye chini ya miaka 35 husamehewa mara moja, bei isipovuka kikomo cha mwaka), kisha ada ya notari (mwanasheria anayeandika hati ya uhamisho) na ya mthamini mwenyewe.

Ukishapokea mkataba uliosainiwa una siku 3 za kujitoa. Zikipita, mkopo ukikataliwa utalipa faini, isipokuwa mkataba una sharti la mkopo. Wanaogombania nyumba hulifuta ili kumvutia muuzaji. Mimi nisingethubutu.