Alamu ya gari inayolia usiku: wanayoniambia wateja na ninayoyakuta chini ya boneti

Mwezi huu pekee nimesikia kauli ileile kwa watu watatu, na wa mwisho alikuwa mama mmoja aliyeleta hapa Ndeeba gari lake dogo la Toyota, mojawapo ya yale yanayoingia nchini kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika na kufungiwa alamu hapahapa Kampala. Aliniambia, "Fundi, hii alamu imekufa, nifungie nyingine." Nilipomuuliza iliyopo ina muda gani, akasema ni miezi mitano, na kwamba ile ya kwanza ilitupwa kwa sababu hiyohiyo: inalia saa tisa za usiku, askari wa getini anamgongea dirisha, yeye anatoka na kanga kuibonyeza rimoti, na baada ya nusu saa inaanza tena. Alikuwa amelipia alamu mbili, na yu tayari kulipia ya tatu. Namwandikia yeye na wenzake, kwa sababu fedha hizo zingebaki mfukoni mwake kama fundi wa kwanza angechukua dakika kumi kupima.

"Inalia bila sababu, basi kisanduku kimekufa"

Kisanduku cha alamu hakijiamulii kulia. Kinasubiri taarifa kutoka kwenye nyaya chache tu, yaani za milango, boneti, buti, sensa ya mtikisiko na swichi ya kuwashia gari, na vingine hupima pia volti ya betri. Taarifa moja ikifika wakati milango imefungwa kwa rimoti, king'ora kinaitwa. Kisanduku kilichokufa kwa kweli huwa kimya: hakiitikii rimoti, hakifungi milango, taa yake ndogo ya dashibodi haiwaki. Kile kinacholia, kikanyamaza ukibonyeza, kikafunga na kufungua milango kama kawaida, ni kizima, nacho kinaeleza kwamba waya fulani umekiambia gari limefunguliwa. Ukibadilisha kisanduku na kuacha waya ule ulivyo, umemweka mlinzi mpya kwenye mlango uleule mbovu.

Katika magari ninayopokea, mahali pa kwanza pa kutazama ni swichi ya boneti, na sichoki kulisema hili. Ni kijiti kifupi chenye springi, kimefungwa pembeni karibu na fenda, na boneti ikifungwa hukibana chini. Kikibanwa, mguso wake umeachana na bodi, yaani chuma cha gari. Boneti ikiinuliwa, springi hukisukuma juu, waya unagusana na bodi, na kisanduku kinaelewa kwamba mtu anafungua boneti. Ni kifaa rahisi kupita vyote katika mfumo mzima, na ndicho kinachokaa mahali pabaya kuliko vyote, kwenye maji ya mvua, joto la injini na vumbi jekundu la barabara za maramu. Mpira wake ukipasuka, maji na vumbi huingia ndani, kutu inaota, na ile kutu yenye unyevu inakuwa daraja la umeme hata wakati kijiti kimebanwa vizuri.

Hapo ndipo panapojibika swali ambalo kila mteja huniuliza, kwa nini alamu inangoja usiku wa manane. Jioni injini ingali na moto, na ule moto umeikausha swichi. Kadiri usiku unavyopoa, umande unatanda kwenye chuma, unyevu unaingia katika ile kutu, na umeme unapata njia. Asubuhi jua likichomoza swichi inakauka, mwenye gari analileta gereji saa nne, fundi anaibonyezabonyeza rimoti, haoni kosa lolote, na anahitimisha kwamba kisanduku ndicho kibovu. Misimu ya mvua, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Novemba, ndiyo inayoniletea magari haya kwa wingi.

Kwenye gari la mama yule, swichi ilikuwa upande wa kushoto, mpira umepasuka mviringo mzima, na udongo uliolowa umejaa ndani mpaka umekuwa kama ugali mwekundu. Nilikibana kijiti kwa kidole, kikashuka, nikakiachia, kikapanda polepole kama mtu anayeamka mgonjwa. Nikachomoa waya na kuweka mita ya kupimia umeme kati ya swichi na bodi, kijiti kikiwa kimebanwa. Mita ingepaswa kuonyesha kwamba njia imekatika kabisa, lakini ilisoma omu mia tatu na kidogo. Alamu mbili zilinunuliwa kwa sababu ya swichi ambayo ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa unavyoweza kuulizia dukani.

Asiye na mita anaweza kujipimia mwenyewe. Kwa alamu iliyofungwa baadaye, si ile iliyotoka kiwandani na gari, chomoa waya wa swichi ya boneti, uzungushie utepe wa umeme ncha yake isiguse chuma, kisha ulaze gari usiku mbili au tatu huku alamu ikifanya kazi. Ikinyamaza, umempata mkosaji. Alamu ya kiwandani mara nyingine hufanya kazi kinyume, ambapo kukata waya ndiko kunakoiamsha, kwa hiyo hiyo usiiguse bila mchoro wake. Swichi ambayo haijaoza sana huokoka kwa kuisugua msasa mwororo, pamoja na mahali inaposhikana na bodi, na kupaka grisi kidogo kwenye kijiti. Tazama pia kama boneti yenyewe inakibana kijiti hadi chini, kwa maana gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa mara nyingi hubaki na boneti iliyoinuka kidogo upande mmoja, na nafasi ndogo tu inatosha kuiacha swichi ikielea.

Baada ya boneti, pima betri, tena uipime alfajiri kabla hujawasha gari, si mchana baada ya kuendesha. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya nguvu, na chini ya 12 imekwisha. Visanduku vinavyopima volti huchukulia kushuka kwa ghafla kama dalili kwamba taa ya ndani imewaka, maana yake mlango umefunguliwa. Ndiyo sababu gari ambalo feni ya rejeta yake huendelea kuzunguka baada ya kuzimwa linaweza kupiga kelele dakika chache tu baada ya kuegeshwa, hasa kama betri imechoka au terminali zimelegea. Fundi asiyelijua jambo hili atabadilisha kila kitu isipokuwa betri.

Milango nayo ikaguliwe, na kipimo chake ni taa ya ndani. Ukiiona inacheza au inafifia wakati milango yote imefungwa, swichi ya mlango mmojawapo haishiki. Alamu nyingi, ukizizima kwa rimoti baada ya kulia, huonyesha kwa idadi ya milio au miwako ya taa ya dashibodi ni sehemu gani iliyoziamsha, na maelezo yake yamo katika kijitabu kinachokuja na boksi. Mama yule hakuwahi kupewa kijitabu hicho, ingawa alikilipia mara mbili.

"Chomoa betri, itanyamaza"

Ving'ora vingi vina betri yao ndogo ndani, iliyowekwa makusudi ili mwizi akikata nyaya kelele iendelee. Ukichomoa betri ya gari bila kuizima alamu kwanza, king'ora kinaamini wewe ndiye mwizi. Vingi vya aina hiyo vina tundu la ufunguo pembeni, na ufunguo huo ndio unaokinyamazisha. Utunze nyumbani pamoja na ufunguo wa akiba. Ile betri ndogo nayo huzeeka baada ya miaka, huvuja na kula saketi ya ndani, na hapo king'ora kinaweza kulia chenyewe bila kuamriwa na yeyote. Ikifika hapo, badilisha king'ora peke yake.

"Kata tu waya wa king'ora"

Kelele itakoma, lakini kosa litaendelea. Taa za ishara zitawaka na kuzimika usiku kucha, na kama kisanduku kimeunganishwa na relei inayozuia starta, asubuhi gari halitawaka. Nimewahi kuletewa gari limevutwa kwa kamba kutoka Mukono kwa sababu hiyo tu.

"Alamu ndiyo inayomaliza betri"

Alamu nzima iliyokaa kimya hutumia kwa kawaida miliampia 20 hivi, na kwa betri ya ampia-saa 45, ingehitaji zaidi ya wiki sita kuifikisha nusu. Inayokausha betri ni alamu inayolia kila mara na kuwasha taa zote za ishara. Mara nyingi mambo yanakuwa yamegeuzwa: betri dhaifu ndiyo iliyoanza kuiamsha alamu, na kila mlio unaidhoofisha zaidi, hata alfajiri starta inabaki ikigonga tu.

"Rimoti imeharibika"

Betri ya rimoti ikiisha, rimoti haifanyi chochote, wala haiamshi king'ora. Kitufe cha dharura kinachobonyezwa na funguo nyingine mfukoni ni jambo jingine, na hilo utaligundua kwa kuiacha rimoti mezani usiku mmoja.

"Sensa ipunguzwe mpaka mwisho"

Sensa ya mtikisiko ina skrubu ndogo ya kuiongezea au kuipunguzia wepesi, na kila fundi mvivu huanzia hapo. Ukiizungusha mpaka mwisho umeiondoa kazini. Mwizi atavunja kioo na alamu isijue. Mimi huiweka mahali ambapo kupiga kioo kwa kiganja kunaiamsha, lakini bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa ikipita kando, au radi ya kawaida inayotokea ziwani, haiigusi. Kabla ya kugusa skrubu, hakikisha sensa yenyewe imefungwa imara. Nyingi nazikuta zinaning'inia kwenye nyaya chini ya dashibodi, zikigongana na plastiki, na sensa inayoning'inia haiwezi kupimika.

Hapohapo chini ya dashibodi utakuta nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe. Mashimo ya barabara huzilegeza, utepe unayeyuka kwa joto, na waya wa mlango unaanza kugusa bodi kila gari linapotikiswa. Mkatalie fundi asiyechomelea nyaya kwa risasi, hata kama anatoza nusu ya bei. Kabla hujamlipa, mwambie akuonyeshe mambo mawili: kile kitufe cha siri cha kuizima alamu, ukibonyeze kwa mkono wako mwenyewe ufunguo ukiwa umewashwa, na karatasi yenye rangi za nyaya alizounganisha, iwekwe kwenye droo ya dashibodi. Mama yule sasa anayo yake. Niliiandika juu ya boneti baada ya kufunga swichi mpya.