Maana ya Ulezi wa Kitaaluma katika Uhandisi wa Nishati na Uendelevu

Ulezi wa kitaaluma ni uhusiano wa muda mrefu ambamo mtu mwenye uzoefu katika fani humsaidia anayeingia katika fani hiyo kufikiri, kuamua na hatimaye kujitegemea kama wafanyavyo watu wa fani hiyo. Katika chuo kikuu mlezi anaweza kuwa mhadhiri, mhandisi aliyeko kazini, au hata mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayemtangulia mwenzake kwa miaka michache tu. Kinachomfanya awe mlezi si cheo, bali ni kule kuonyesha waziwazi mbele ya mwanafunzi jinsi uamuzi wa kihandisi unavyofikiwa, pamoja na mashaka na makosa yanayoutangulia.

Dhana hii ina majirani wawili wanaochanganywa nayo. Kufundisha kunahusu maarifa yaliyopangwa katika mtaala, na mhadhiri mmoja aweza kuwafundisha watu mia mbili kwa wakati mmoja bila kulijua jina la yeyote kati yao. Kusimamia kunahusu kazi maalumu, kama vile mradi wa mwaka wa mwisho, na hukoma pale ripoti inapokabidhiwa na kupewa alama. Ulezi humhusu mwanafunzi mwenyewe. Mtafiti wa Marekani, Kathy Kram, katika maandishi yake ya miaka ya 1980, aliugawa katika majukumu mawili: lile la kumjenga mtu katika kazi, yaani kumfungulia milango, kumpa majukumu yanayompima na kumrekebisha, na lile la kumjenga yeye kama mtu, yaani kumpa moyo, kumsikiliza na kuwa mfano anaoweza kuuiga. Mgawanyo huo ulitokana na utafiti kuhusu watu walio kazini, lakini unafaa chuoni pia, hasa kwa sababu vyuo vingi hulikumbuka jukumu la kwanza na kulisahau la pili.

Yawezekana msomaji akauliza kwa nini fani ya nishati na uendelevu ihitaji ulezi kuliko, tuseme, hesabu za nguvu katika boriti. Kwa maoni yangu sababu kubwa ni moja: maswali mengi ya fani hii hayana jibu mpaka kwanza mtu aamue mipaka ya mfumo anaouchunguza, yaani nini kihesabiwe na nini kiachwe nje, na uamuzi huo haumo katika kanuni yoyote ya kukariri.

Tuchukue mwanafunzi aliyeambiwa achague njia ya kupasha maji katika jengo kubwa. Anaanza na hita ya umeme, anakuta kwamba karibu umeme wote unaoingia hugeuka kuwa joto, na anaandika ufanisi wa asilimia 100. Hesabu yake haina kosa. Mlezi hamwambii kwamba amekosea, bali anamwuliza umeme huo umetoka wapi. Ikiwa umetoka katika mtambo unaochoma mafuta kwa ufanisi wa asilimia 40, na asilimia 8 ya umeme imepotea njiani kwenye nyaya na transfoma, basi katika kila sehemu 100 za nishati ya mafuta ni sehemu 37 hivi tu zilizofika kwenye maji. Boila ya gesi yenye ufanisi wa asilimia 90, ambayo mwanafunzi alikwisha kuitupa, inaonekana bora mara mbili na zaidi. Kisha analeta pampu ya joto, ambayo kwa kila sehemu moja ya umeme hutoa sehemu tatu za joto, na anapozidisha zile sehemu 37 hivi kwa tatu anapata 110 hivi. Hapo wengi hushtuka na kudhani wameivunja sheria ya kuhifadhika kwa nishati, ilhali pampu haiumbi joto bali hulichota katika hewa ya nje na kulisukuma ndani, na umeme ni gharama ya kusukuma tu.

Jambo haliishii hapo. Kama gridi inalishwa na maporomoko ya maji, hakuna mafuta yanayochomwa mtamboni, na hoja ya asilimia 37 inaporomoka. Kama kinachopimwa ni gesi joto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, badala ya mafuta, inabidi kuhesabu pia gesi ya kupoozea inayoweza kuvuja ndani ya pampu, kwa kuwa baadhi ya gesi hizo, kwa uzito uleule, huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Mpangilio wa vifaa hivyo vitatu hubadilika kila mpaka unaposogezwa, na mwanafunzi anayetafuta jibu nyuma ya kitabu hawezi kulipata huko. Anachoweza kujifunza, kwa kukaa na mtu aliyekwisha kuyapitia hayo, ni kuuchora mpaka, kuuandika waziwazi, na kuutetea mbele ya watu wasiokubaliana naye.

Ulezi hufanya kazi hata katika mambo madogo kuliko hayo. Kosa la kuchanganya kilowati, kipimo cha kasi ya kutoa nishati, na kilowati-saa, kipimo cha kiasi cha nishati, ni la kawaida mno: mwanafunzi huona paneli za jua za kilowati 5, huzidisha kwa saa 24 na kuahidi kilowati-saa 120 kwa siku, wakati ambapo mahali penye jua linalolingana na saa tano za jua kali angepata 25, na pungufu ya hapo baada ya joto, vumbi na inveta (kifaa kinachobadili umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) kuchukua sehemu yao. Kumsahihisha huchukua nusu dakika. Kumwuliza kwanza paneli zinafanya nini usiku huchukua muda mrefu kidogo, na yeye ndiye anayeligundua kosa.

Neno uendelevu lenyewe huhitaji mtu wa kulifafanua kwa mifano, kwa sababu ni rahisi kulitumia kama pambo. Maana yake inayonukuliwa zaidi ilitolewa mwaka 1987 na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuathiri uwezo wa vizazi vijavyo kukidhi ya kwao. Mhandisi hawezi kupima sentensi hiyo kwa mita. Huigeuza kuwa maswali: kifaa kitadumu miaka mingapi, nani atakitengeneza kikiharibika, betri zake zitaishia wapi, na je, ufanisi mpya utapunguza matumizi kweli? Swali hili la mwisho ni la zamani. Mwaka 1865 William Stanley Jevons alionyesha kwamba injini za mvuke zilizotumia makaa kidogo zaidi hazikupunguza matumizi ya makaa nchini Uingereza bali ziliyaongeza, kwa kuwa nguvu ilipokuwa rahisi ilitumiwa katika kazi nyingi zaidi.

Ulezi una hatari zake pia. Mlezi anayetoa majibu haraka humfanya mwanafunzi awe fundi wa kutekeleza mawazo ya mwingine. Mlezi aliyeipenda teknolojia moja, iwe jua, upepo au nyuklia, huweza kumrithisha mwanafunzi mapenzi hayo kana kwamba ni matokeo ya hesabu. Na pale mlezi anapokuwa pia ndiye mtoaji wa alama, mwanafunzi huficha asichokielewa, ambacho ndicho hasa kingepaswa kuzungumzwa. Ndiyo maana ni vyema, panapowezekana, majukumu hayo mawili yasishikwe na mtu mmoja.

Kwa kawaida msaada hupungua kadiri muda unavyokwenda. Mwanzoni mlezi hutatua tatizo kwa sauti huku mwanafunzi akifuata, kisha hulitatua pamoja naye, kisha humwachia na kubaki kuuliza. Dalili kwamba hatua ya mwisho imefikiwa ni kwamba mwanafunzi huja kikaoni na mpaka wa mfumo aliouchora mwenyewe, ulio tofauti na ule ambao mlezi angeuchora, akiwa na sababu zilizoandikwa na tarakimu za kuziunga mkono, na mazungumzo ya siku hiyo huwa juu ya tofauti hiyo.